Karatasi ya Bwana Mkubwa

Mjalidi alipoambiwa kwamba Jumamosi atakuja mtu kumtazama paka, alikuwa ameshika brashi. Alimaliza kupaka ukingo aliokuwa anaupaka, akaiweka chini, ndipo akamuuliza mwanawe, "Paka gani?"

"Mzee, tuna paka wangapi humu ndani?"

"Huyo si wa kuuzwa. Huyo ni wa mama yako."

"Mama hayupo," mwanawe akasema, akaingia kuoga, maana alikuwa anachelewa kazini.

Zamani mtu aliyefiwa alizungukwa kwa maneno, akabembelezwa, akapewa muda wa kujifanya hajui. Siku hizi anapewa habari kama anavyosomewa ratiba ya basi.

Mjalidi alikuwa amefunga vitabu kwa miaka arobaini na sita, katika duka la mlango mmoja lililotazamana na mahakama. Alifunga vitabu vya sheria, madaftari ya hospitali, vitabu vya sala vilivyochakaa kwa kushikwa, na kamusi za walimu. Shule aliiacha darasa la nne. Yote aliyoyajua baada ya hapo aliyasoma wakati vitabu vya watu vikikauka kwenye kibano: sheria za ardhi, magonjwa ya kuku, habari za falme zilizokufa. Lakini aliyasoma nusu nusu, kwa sababu mwenye kitabu alikuja kukichukua kabla yeye hajafika mwisho. Kuna wafalme ambao mpaka leo hajui walishindwa au walishinda.

Kisha watu wakaacha kufunga vitabu. Kikichanika, kinatupwa. Duka lilichukuliwa na kijana mwenye tabasamu la kudumu, na pale pale, kwenye meza ile ile, sasa yanauzwa majalada ya simu.

Mkewe ndiye aliyekuwa akishona. Mjalidi alikata, akapaka, akabana. Mke alikaa dirishani na sindano na uzi uliopakwa nta, akiunganisha mafungu ya kurasa moja baada ya jingine, na hakuna kitabu alichokishona yeye kilichowahi kurudi kimeachia. Katika miaka yote hiyo hakujinunulia kitu cha kutazama tu kwa raha. Halafu, mwaka mmoja kabla ya kuanza kuumwa, akaja nyumbani na paka.

Alikuwa amemnunua kwa fundi wa mitambo aliyekuwa anahama nchi. Si paka wa kuokotwa. Alikuwa na manyoya marefu rangi ya majivu na moshi, masikio yenye vishungi nchani, kifua kama cha mtu aliyevaa joho, na mkia ambao ukipita mezani lazima ushuke na kitu. Walimweka kwenye mizani ya dukani akavuta kilo tisa na nusu. Alikuja na karatasi yake: nzito, rangi ya maziwa, yenye mhuri uliobonyezwa mpaka kidole kinausoma, namba ndefu, na majina ya baba, mama, mababu na mabibi wa paka yule, vizazi vinne.

"Bwana Fundi," mkewe alimwuliza Mjalidi, ameishika karatasi kwa mikono miwili, "babu wa babu yako aliitwa nani?"

"Nitajuaje?"

"Basi kaa kwa adabu. Humu ndani mwenye ukoo ni mmoja tu."

"Umenunua ndama, mama. Utaanza kumkamua lini?"

Wakamwita Bwana Mkubwa. Mjalidi alimchukia kwa siku mbili kamili. Siku ya tatu paka alipanda juu ya meza ya kazi, akanusa chungu cha gundi, akalamba brashi. Ilikuwa gundi ya unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, iliyopikwa kwa moto mdogo na kukorogwa bila kupumzika, kama alivyofundishwa na mzee aliyemfundisha kazi. Paka aliilamba kwa heshima, macho yamefumbwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi gundi ilipoiva, ncha ya kwanza ya brashi ilikuwa ya Bwana Mkubwa, na vitabu vya mahakama vilisubiri.

Mke alikufa kwa figo. Duka likaenda, nyumba ya kupanga ikafuata, na Mjalidi akahamia kwa mwanawe, ghorofa ya tatu. Alipewa chumba cha nyuma chenye kitanda, meza yake, kibano chake, na paka wa marehemu.

Mkamwana wake alikuwa mwanamke safi. Hilo lisemwe kwa haki. Alifagia asubuhi na jioni, na asubuhi na jioni alikusanya manyoya ya kujaza mto. Kochi jipya lilichanwa mkono mmoja. Nguo zake za kazi, nyeusi, za mapokezi ya hoteli, zilitoka kabatini zimeota mvi.

"Baba," alimwambia siku moja, akijipangusa kwa kitambaa chenye maji, wala hakupaza sauti, "mimi nilikubali mzee mmoja. Sikukubali wawili."

Wiki hiyo hiyo alikitupa chungu cha gundi. Alisema kinanuka kama kidonda. Jioni mwanawe akaleta chupa ya plastiki yenye gundi nyeupe na mdomo wa kuminya.

"Hii ndiyo ya kisasa, Mzee. Hakuna kupika, hakuna harufu. Ikishika imeshika."

Bwana Mkubwa aliinusa chupa, akageuza uso, akaenda kulala juu ya vipande vya karatasi.

Sasa Jumamosi mnunuzi anakuja, na leo ni Jumatano. Mjalidi alikaa akafikiri. Hakutaka mengi. Alitaka paka abaki, basi. Kila kitu kingine cha mkewe, isipokuwa sindano ya kushonea vitabu, kilikuwa kimegawanywa na kubebwa na madada na mawifi, kuanzia kanga hadi vijiko. Katika vilivyobaki vya mkewe, paka ndiye pekee aliyewahi kumsikia akicheka.

Akaitoa karatasi ya nasaba kwenye bahasha chini ya godoro. Mwanawe alikuwa ameshamwambia kwamba mnunuzi ni mfugaji wa paka wa aina hiyo, na neno la kwanza aliloliuliza kwenye simu ni karatasi. Bila karatasi hamtaki. Asipomtaka, paka atabaki. Hesabu ya Mjalidi iliishia hapo. Mtu aliyezoea kusoma vitabu nusu nusu huja kuamini kwamba pale alipoishia yeye ndipo kitabu kilipoishia.

Mezani palikuwa na kamusi ya Mwalimu Mstaafu, mteja wa mwisho aliyebaki, mzee mwenye pumu ambaye hakuwa na haraka na kitu chochote. Kamusi ile ndiyo kazi ya mwisho aliyoishona mkewe. Aliimaliza ameegemea mito, miguu imevimba, akakata uzi kwa meno, akasema, "Haya, mgongo ni wako." Mjalidi alikuwa ameiweka miaka miwili bila kuumaliza mgongo.

Wajalidi wa zamani walikuwa na desturi moja ambayo wateja hawakuijua. Mgongo wa kitabu kinene huwekewa karatasi ngumu iliyokunjwa mara tatu, kati ya kurasa na ngozi, ili kitabu kifunguke bila kuvunjika. Karatasi hiyo haionekani tena, kwa hiyo hakuna aliyenunua mpya. Waliweka chochote kilichokuwa karibu: kadi za harusi zilizopita, barua za watu, tangazo la mnada. Mjini humo kuna hakimu anayeshika kila siku kitabu chenye barua ya mapenzi mgongoni, na hajui.

Akaikunja karatasi ya Bwana Mkubwa mara tatu. Ilikuwa ngumu, nzuri, kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Alikusudia kuitoa siku moja, mambo yakitulia. Mjalidi mwema hafanyi kitu ambacho mjalidi atakayemfuata hawezi kukifungua. Hiyo ndiyo amri ya kwanza aliyofundishwa. Sponji yenye maji ya uvuguvugu, robo saa, na gundi inaachia yenyewe.

Mkono ukaenda kutafuta gundi, ukakuta chupa, ukaminya. Mkono ulijua kwamba gundi ni kitu kinachofunguka kwa maji. Ulikuwa umelijua hilo kwa miaka arobaini na sita, na haukuuliza. Akapaka mgongo, akapaka karatasi, akaweka ngozi juu yake, akaingiza kamusi kwenye kibano na kukaza. Paka alikuwa anatazama.

Jumamosi saa nne mnunuzi akaja. Alikuwa mama mnene wa miwani, viatu vya raba, na mkoba uliokuwa na utepe wa kupimia. Alimpima Bwana Mkubwa tangu pua hadi ncha ya mkia. Akamfungua kinywa, akamhesabu meno, akamminya nyuma kwa kidole bila kusema samahani. Paka alivumilia yote hayo akimtazama Mjalidi.

"Mfupa anao," mama akasema. "Kichwa anacho. Jamani, huyu kweli ndiye mwenyewe. Nina chumba cha dirisha kubwa na majike wawili wanaomngoja. Haya, karatasi?"

"Baba anayo," mkamwana akasema.

"Mimi?" Mjalidi akasema. "Ilikuwepo. Kuhama huku, nani ajuaye."

Wakatafuta. Mkamwana alimwaga droo kitandani, akainua godoro, akakung'uta vitabu kimoja kimoja. Aliitoa hata kamusi kwenye kibano, akaipekua, akairudisha mezani. Kijasho kilimtoka Mjalidi chini ya kofia.

"Si unajua huyu ni paka gani?" mwanawe alimwambia mnunuzi. "Umeshamwona kwa macho, mama yangu. Mchukue hata kwa bei ya kutupa. Mchukue bure."

Yule mama akakunja utepe wake.

"Mwanangu, huyu anakula chakula cha paka watatu. Nikimzalisha bila karatasi, watoto wake ni wa kugawa sokoni kwenye boksi. Bila karatasi huyu ni paka wa jalalani aliyelishwa vizuri." Akampiga Bwana Mkubwa kofi dogo mgongoni, kama mtu anayepima tikiti maji asilolinunua, akaaga.

Mjalidi alirudi chumbani, akafunga mlango, akacheka peke yake mpaka machozi. Alimkuna paka chini ya kidevu. "Umesikia? Wa jalalani. Karibu, mwenzangu." Mkamwana akafungua mlango bila kubisha.

"Umefurahi, Baba?"

"Mimi? Mimi nimekaa tu."

Akafunga mlango.

Jumapili nyumba ilikuwa kimya na simu ya mwanawe ilikuwa na kazi. Mjalidi alimsikia sebuleni akisema na huyu na yule: "Mkubwa, ndiyo. Hapana, karatasi imepotea. Haya, poa." Hakushughulika. Alidhani wanaendelea kukosa, na kukosa kwao ndiko kupata kwake.

Jumatatu mwanawe hakwenda kazini. Saa tatu aliingia chumbani na boksi la televisheni, ametoboa matundu pembeni kwa kisu.

"Daktari wa mifugo ametupa nafasi saa tano, Mzee."

"Anaumwa nani?"

Mwanawe aliweka boksi chini. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyechoka, na mara nyingi mkatili na aliyechoka hufanya kazi moja. "Nimeuliza watu kumi na mmoja. Wanaojua paka hawa wanataka karatasi. Wasiojua, ukiwaambia anakula nini wanakata simu. Kumtupa barabarani siwezi, gari litampiga siku ya kwanza. Daktari anasema ni sindano moja. Atalala tu."

Mjalidi aliweka mkono juu ya boksi. Halafu akasema, "Subiri. Karatasi ipo."

"Ipo wapi?"

Akaonyesha kamusi.

Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia kamusi, akamwangalia mkwewe, na uso wake ukabadilika polepole kama mtu anayesoma hesabu ndefu na kuona ilipokosewa. "Umeifungia kitabuni," akasema. "Kwa mikono yako. Na mimi nikapiga magoti kuitafuta chini ya kitanda." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Basi itoe, Baba. Si fundi wewe? Itoe."

Mwanawe alimpigia mnunuzi simu, akaweka sauti ya nje. Yule mama alikubali: wampe namba na mhuri uonekane, atakuja saa hiyo hiyo. Mjalidi akaleta maji ya uvuguvugu na sponji. Akachana ngozi ya mgongo kwa kisu, kwa mstari mmoja, kama daktari. Akaloweka, akasubiri. Robo saa ikapita. Akaingiza ncha ya kisu chini ya karatasi, akainua taratibu, kama alivyoinua karatasi elfu.

Haikuinuka. Gundi ya chupa ilikuwa imekuwa ngozi ya mpira, na maji yaliteleza juu yake. Akaongeza maji, yakawa ya moto zaidi. Sasa karatasi ndiyo iliyolegea, gundi haikulegea. Ikaanza kutoka kwa nyuzi nyuzi, kama manyoya. Mhuri ukavimba, ukalainika, ukawa kidonge cheupe. Gundi ilikuwa imeshuka kati ya mafungu, na kila alipovuta, uzi wa mkewe ulivutwa pamoja, ukakatika, na kurasa za herufi ya kwanza zikamwagika sakafuni.

"Namba," sauti ya mnunuzi ilisema mezani. "Nisomeeni namba tu."

Mjalidi aliweka miwani juu ya paji la uso, akasogeza kipande kwenye mwanga. "Saba," akasema. "Saba, halafu... hapa pana sifuri. Au ni tundu."

"Na majina?"

"Lipo la bibi. Na babu mmoja nusu."

"Baba yangu," yule mama akasema, kwa upole kabisa, "hicho ulichoshika sasa ni uchafu." Akakata.

Mwanawe aliokota chupa nyeupe, akaigeuza, akaitazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona. "Nilikwambia, Mzee," akasema, "ikishika imeshika." Hakukusudia kumuumiza. Kisha akatazama saa ya ukutani.

Bwana Mkubwa hakukubali kuingia kwenye boksi. Alimkwaruza mwanawe toka kiwiko hadi kifundo cha mkono, akapanda juu ya kabati, akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Mwanawe alisimama chini akifyonza damu mkononi.

"Kwangu hatashuka. Kwako atashuka, Mzee."

"Usiniambie hivyo."

"Basi nimvute kwa fagio?"

Mjalidi alikaa kitandani. Alitazama fagio, akatazama kabati. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anahitaji unga wa ngano, kikombe kimoja, na sufuria.

Tangu chungu kitupwe hakuwahi kuruhusiwa kugusa jiko. Mkamwana alisogea, akamwonyesha unga ulipo. "Pika tu, Baba," akasema. "Leo pika."

Akapika. Maji, unga, chumvi kidogo, moto mdogo, bila kupumzika. Harufu ilienda korido nzima, na kabla gundi haijaiva, paka alikuwa ameshashuka mwenyewe kutoka juu ya kabati, amekaa mlangoni mwa jiko, mkia umezungushwa miguuni, kama kila asubuhi ya duka. Mjalidi alichovya brashi. Akampa ncha ya kwanza. Paka akafumba macho. Akarudi hatua moja nyuma, paka akafuata. Hatua nyingine, akafuata. Brashi ikaingia ndani ya boksi, kichwa kikaifuata, mabega, mkia. Mjalidi aliacha alambe mpaka ikawa safi, ndipo akautoa mkono wake, na mwanawe akafunga na kuzungushia utepe wa gundi mara nne.

Hakwenda nao. Hakualikwa.

Walirudi kabla ya chakula cha mchana, na boksi halikurudi. Mkamwana aliisugua sufuria, akaisuuza, akaisugua tena. Mwanawe aliweka karatasi ya daktari juu ya meza ya baba yake, kwa sababu hakujua pa kuiweka. Ilikuwa fomu ya karatasi ngumu, ya kujaza kwa kalamu: uzito, jinsia, sababu. Penye aina ya mnyama daktari aliandika: paka wa kawaida. Penye jina hakuandika kitu.

Mjalidi alikusanya kurasa sakafuni, akazipanga. Akatia uzi kwenye sindano ya mkewe, ilimchukua muda kuliona tundu, akashona mafungu yaliyoachia, vibaya, kama mtu ambaye kazi hiyo siku zote ilifanywa na mwingine. Kwenye bakuli palikuwa na gundi iliyobaki, aliyoihamisha kutoka sufuriani, imepoa, imeota utando. Kamusi ilikuwa ya watu na mgongo ulihitaji karatasi ngumu. Akaichukua iliyokuwa karibu, ile ya daktari, akaikunja mara tatu, akaipaka gundi ya unga, ambayo mtu yeyote mwenye maji ya uvuguvugu na robo saa anaweza kuifungua.